Pumzi ya Mtu wa Mia Mbili

Semkiwa hakuwa na nyumba. Hakuwa na shamba la urithi, hakuwa na chombo cha kupaa wala baiskeli, hakuwa na mke tangu yule wa kwanza alipoondoka na kuchukua hata kamba ya kuanikia nguo. Hakuwa na sauti nene ya kutulizia mkutano. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na ndugu manispaa. Hakuwa na shahada. Alikuwa na cheti kimoja tu cha shule ya jioni, alichokipata akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, baada ya miaka minne ya kusoma huku macho yakimwasha. Na hakuwa na uwezo wa kusema uongo bila masikio kumwiva.

Kwa sababu ya hilo la mwisho, watu wa Mtaa wa Mikinduni, hapa Tanga, walimchagua kuwa katibu wa kamati ya makazi mara tano mfululizo.

Asubuhi ya siku ya hesabu, saa mbili na nusu, alikuwa ofisini kwake, kibanda cha matofali nyuma ya kisima, akisoma kuta.

Kila nyumba ya Mikinduni ilikuwa imepakwa chokaa hai. Kwa macho ni chokaa kama nyingine, nyeupe, inayokuachia unga begani ukiiegemea. Lakini imechanganywa na vumbi lenye hisia, na vumbi hilo huonja hewa ya chumba usiku kucha. Haijui maneno. Semkiwa mwenyewe aligombana na wahandisi wiki tatu mpaka wakaiondolea uwezo huo, akisema siri za mume na mke si mali ya manispaa. Chokaa hujua pumzi tu: inavyoingia, inavyotoka, inavyokwama. Mtu akilala nyumba moja usiku thelathini, chokaa humkariri, naye huhesabiwa mkazi. Asiyefika thelathini ni mpita, na nyumba inayolaza wapita bila kibali hufungwa.

Sheria, iliyotungwa na kamati za mitaa na kupitishwa na manispaa, ilikuwa fupi. Mtaa wenye wakazi mia mbili au zaidi ni mtaa wa makazi, na humo ni nyumba nne tu zinazoruhusiwa kupangishwa kwa usiku. Wakipungua, hata kwa mtu mmoja, siku ya hesabu, mtaa unakuwa huria: mwenye nyumba anaweza kuwapa wapangaji wake notisi ya siku tisini, kisha akalaza wapita atakavyo. Mitaa saba ya jirani ilikwisha kuwa huria. Ukisimama kwenye kona ya Mikinduni ulisikia magurudumu ya masanduku ng'ambo ya barabara, mchana kutwa, kama mashine ya kupukuchua mahindi. Shule ya huko ilikuwa sasa bwawa la kuogelea.

Kwenye kioo cha kisomeo, mashine iliyopokea habari za kuta, mistari ya wakazi ilipita mmoja mmoja. Mwisho ikaja jumla: mia mbili. Si mia mbili na moja. Mia mbili.

Semkiwa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Angeweza kusaini hapo hapo. Lakini alikuwa na tabia aliyoipata shule ya jioni, ya kusoma kila ukurasa, hata ule ambao mwalimu hakuutaja. Akaanza nyumba namba moja.

Alipofika namba kumi na nne alitabasamu. Hapo aliishi rafiki yake, Fundi Bakari Shekuwe, aliyepaka kwa mkono wake karibu kila ukuta wa mtaa huu. Tangu aliporudi kutoka kwao Bumbuli, Fundi alikuwa mgonjwa, haonekani barazani. Mkewe, Mwantumu, ndiye aliyesema hivyo. Mstari wake ulionyesha kwamba kila siku saa kumi alfajiri aliamka, akatafuna, akanywa maji kwa mafunda makubwa, akakohoa, akalala.

"Mzee anakula daku," Semkiwa alisema peke yake. "Mgonjwa, na bado anafunga." Maana zile zilikuwa siku tisa za mwanzo za Mfunguo Tatu, na wapo wanaozifunga.

Kisha akafika usiku wa kuamkia Idi Kubwa.

Fundi alikuwa amekula daku. Usiku uliofuata akala tena. Na uliofuata. Semkiwa aliurudisha mstari nyuma akausoma upya, kidole kwenye kioo. Hakuna Mwislamu afungaye siku ya Idi, wala siku tatu zinazoifuata. Fundi Bakari, aliyewahi kumfukuza mtu msikitini kwa kuvaa soksi chafu, asingefunga Idi hata kwa kushikiwa panga.

Akakumbuka. Nyumba namba kumi na nne ilipakwa chokaa mpya mwanzoni mwa Ramadhani. Na chokaa mpya lazima ifundishwe: pumzi za wenyeji hurekodiwa usiku thelathini, na nakala, iliyotiwa kwenye kibati, hutunzwa kwenye sanduku la kamati. Akainuka, akafungua sanduku, akapekua vibati vilivyopangwa kwa namba. Kumi na tatu kilikuwepo. Kumi na tano kilikuwepo.

Sanduku lile lilikuwa na funguo mbili. Moja yake. Nyingine ya mwenyekiti, Bi Mwajabu Kilua.

*

"Hodi humu!"

"Karibu, Shemeji. Fundi amelala," alisema Mwantumu, kabla hajaulizwa.

Alikuwa amevaa khanga mpya ya rangi ya chungwa, na hina ya harusi ya juzi ilikuwa bado nyekundu viganjani. Alimkaribisha Semkiwa jikoni, si sebuleni. Semkiwa aliona ndoo za unga zimepangwa ukutani. Alizihesabu bila kukusudia. Saba, na ya nane juu ya meza, imejaa mpaka ukingoni.

"Unauza unga siku hizi, Shemeji?"

"Aa, nasaga tu."

"Ndoo nane? Nyinyi watu wawili?"

"Kwani unga unaoza?" Alicheka. Kicheko kilikuwa kizuri, cha mtu aliyekifanyia mazoezi.

Semkiwa alivuta kigoda akakaa. Alipanga maneno mazuri njia nzima, na sasa hakupata hata moja. "Shemeji," alisema, "Fundi alifunga siku ya Idi?"

"Nani kasema?"

"Ukuta."

Mwantumu alishusha mikono. Alitazama ukuta kama mtu anavyomtazama jirani aliyemsengenya. Kisha akatangulia ukumbini akafungua mlango wa chumba.

Kitandani hapakuwa na mtu. Chini ya shuka ulikuwepo mvukuto, mfuko wa mpira mkubwa kama mto wa kulalia, umeunganishwa na kopo la maji ya vuguvugu ili hewa yake iwe na unyevu wa kinywa. Uliinuka na kushuka, taratibu, kwa mwendo wa mtu mzima aliyechoka na kazi. Pembeni yake kilikuwa kimechomekwa kibati namba kumi na nne.

Mvukuto ulikohoa. Semkiwa alivua kofia yake.

"Lini?"

"Leo siku ya kumi na tisa. Alikuwa anapanda kwenda kwa kaka yake huko Bumbuli, akakaa kwenye jiwe apumzike. Nilipofika walikwisha kumzika."

"Mbona hukutuambia, Shemeji?"

"Nilimwambia mtu mmoja." Mwantumu alinyoosha shuka pale lilipokunjika, kwa mazoea. "Akaniambia nisubiri hesabu ipite. 'Siku ishirini tu, Mwantumu, watu mia mbili wako shingoni mwako.' Akaja na hili dude kwenye kapu, amelifunika na ndizi."

"Na eda?"

"Nikae eda vipi, mume yuko hai? Nimekwenda sokoni kila siku nionekane. Nimecheka. Juzi nimepakwa hina, nimepiga vigelegele mpaka bibi harusi akanishukuru." Alitazama viganja vyake. "Na humu ndani siwezi kulia. Chokaa ikisikia pumzi ya kwikwi inaita nesi. Nesi akija ataingia humu."

Semkiwa alifahamu hilo. Kifungu cha nesi alikiandika yeye mwenyewe, na alikionea fahari.

"Kwa hiyo napeleka mahindi mashineni," Mwantumu aliendelea. "Ile mashine ikianza kunguruma, hata risasi husikii. Hapo ndipo ninapolia. Yule bwana wa mashine anadhani ni vumbi. Amenishauri nijifunge kitambaa."

Walisimama wakiusikiliza mvukuto. Kisha Mwantumu akapeleka mkono kwenye swichi.

"Nizime, Shemeji?"

"Usizime kwanza," Semkiwa alijibu upesi.

Neno lilikwisha kutoka. Masikio yakamwaka moto, na Mwantumu akayaona.

*

Bi Mwajabu alikuwa barazani kwake akikata mchicha juu ya kibao. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mwalimu mstaafu, mwenye mkono mwepesi na jicho zito.

"Umeshasaini, Katibu? Posta wanafunga saa kumi."

Hesabu ilipaswa kupelekwa kwenye karatasi, kwa wino, ikafungwa kwa lakiri na muhuri wa mwenyekiti. Kila kitu kilichopita hewani kiliwahi kughushiwa. Karatasi ilikuwa bado na heshima yake.

"Nimetoka namba kumi na nne," Semkiwa alisema.

Kisu kilisita, kikaendelea. "Basi umejua. Afadhali. Kesho asubuhi Fundi anakufa kwa heshima zote. Turubai, wapishi, mashehe wa kusoma, nimeshapanga vyote. Ni jambo la siku moja."

"Amekwisha kufa, Bi Mwajabu."

"Kwa Mungu, ndiyo. Kwa manispaa, bado."

"Na mwakani?"

"Mwakani binti wa Kasimu atakuwa amejifungua mapacha. Tutakuwa na akiba."

"Rekodi yenyewe ni ya Ramadhani. Mmemlisha daku siku ya Idi."

Kisu kilisimama kabisa. Bi Mwajabu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, alifumba macho. "Mungu wangu," alisema chini chini. Kisha akafumbua. "Lakini manispaa hawasomi mistari. Wanasoma jumla. Ni wewe tu katika mji huu mzima unayesoma mistari."

"Nimeisoma."

"Katibu, nani aliandika kifungu cha sita? 'Hata kwa mtu mmoja.' Mimi nilisema tuweke nafasi ya watu watano, kwa ajili ya vifo, kwa ajili ya safari. Wewe ukasimama pale mbele na cheti chako, ukasema sheria yenye mlango wa uani si sheria. Tukakupigia makofi. Sasa mimi ndiye nimeutoboa huo mlango, kwa sababu wewe uliona aibu kuuweka."

Ilikuwa kweli tupu.

"Unakaa chumba cha nani?" aliuliza Bi Mwajabu.

"Cha Bwana Hozza. Yuko Maskati."

"Utapata notisi yake kesho. Mwenye nyumba wangu ameniandikia mara mbili mwezi huu, anauliza hesabu ikoje, anauliza kwa adabu sana. Mama yangu yuko kwenye chumba hiki hapa nyuma miaka hamsini. Hageuki mwenyewe kitandani. Nimpeleke wapi? Nimwekee magurudumu?"

"Semkiwa!" Sauti nyembamba ilitoka dirishani nyuma yao. "Tangu lini unafika hapa bila kuniamkia?"

"Shikamoo, Bibi Mkubwa."

"Marahaba. Fundi Bakari amekufa, au?"

Bi Mwajabu akamnong'oneza Semkiwa asiseme kitu.

"Msininong'oneze kama mimi chungu cha uji. Kila Ijumaa anapita hapa dirishani, ananiuliza, 'Bibi, bado hujafa tu?' Nami namwambia, 'Nakungoja utangulie.' Ijumaa zimepita kimya. Mtu mwenye mdomo kama ule hawezi kunyamaza kwa mafua."

"Mama, pumzika," Bi Mwajabu alisema.

"Nitapumzika sana. Nimewasikia. Madirisha haya hayana vioo." Kikafuata kikohozi kirefu, kisha sauti ikarudi, bila mzaha. "Mwajabu, mwanangu. Mimi nikifa, utaniwekea mfuko wa kupumua?"

"Mama..."

"Nauliza. Utanipulizia mpaka lini? Mpaka mapacha wazaliwe?"

"Nafanya yote haya kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Bi Mwajabu alirudi kwenye mchicha. Alikata mpaka ukaisha, na kisu kikaendelea kugonga kibao kitupu, mara nne, mara tano. Kisha akajifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na muhuri wa shaba akauweka juu ya baraza, mbali kidogo na yeye.

"Utanirudishia jioni," alisema. "Andika utakachoandika. Mimi sitaki kukisoma."

*

Saa nane na robo Semkiwa alikuwa mezani kwake na karatasi nyeupe.

Alijaribu kwanza ile njia nyepesi. Aliandika "mia" na kalamu ikasimama. Aliwafikiria watu wa mtaa kwa mistari yao, maana ndivyo alivyowajua: Kasimu anayekoroma kama msumeno, yule mama wa namba tisa anayeamka kila baada ya saa moja kumgeuza mtoto mlemavu, wale wazee wawili ambao pumzi zao, baada ya miaka arobaini, zilikwenda pamoja kama jozi ya viatu. Wote hao wangeokolewa kwa uongo mmoja mdogo, wa siku moja, usiomuumiza yeyote. Ni nani angeumia?

Kisha alikumbuka ndoo nane za unga.

Na mwakani angekuwa mwingine. Wakishajua kwamba mvukuto unakubalika, kila kifo cha Mikinduni kingesubiri ruhusa. Watoto wangefundishwa kutolia. Mtaa ungekuwa na wakazi mia mbili daima, na hakuna ambaye angejua ni wangapi wanaopumua. Alikuwa ameandika sheria ili majirani wabaki majirani. Sasa sheria hiyo ilikuwa inamzuia jirani kuliliwa na wenzake.

Aliinuka akaenda namba kumi na nne. Mwantumu alikuwa bado chumbani, amekaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Zima, Shemeji."

"Una hakika?"

"Sina. Zima."

Mvukuto uliteremka, ukatoa hewa yake ya mwisho, haukuinuka tena. Semkiwa alitoka nje akavuta mlango, na alikuwa hajafika kisimani alipokisikia kilio. Hakikuwa kikubwa mwanzoni. Kilitafuta njia, kama maji ya bomba lililokaa siku nyingi bila kutumika, kisha kikaja chote kwa pamoja.

Ofisini taa nyekundu iliwaka: namba kumi na nne, pumzi imevurugika, nesi ameitwa. Nesi hakuwa wa kwanza kufika. Dirishani Semkiwa aliona mama wa namba tisa akikimbia na mtoto mgongoni. Akaona Kasimu amevaa kiatu kimoja. Akaona wanawake watatu kutoka ng'ambo ya barabara, waliokuwa wakazi wa huko kabla hawajahamia milimani, ambao sasa hufika mjini kusafisha vyumba vya wapita. Wameacha ndoo zao katikati ya njia. Mmoja alikuwa tayari na mkeka kwapani.

Mkeka ndio uliomshtua.

Usiku wa leo watu wangelala matanga. Watu thelathini, hamsini, kutoka Bumbuli, Muheza na Pangani, wangejipanga sakafuni kwa Mwantumu usiku tatu au saba, na chokaa isingewajua hata mmoja. Kwa sheria, wote hao walikuwa wapita. Nyumba ya mfiwa ingefungwa kwa kosa la kulaza wageni bila kibali. Alipoandika vifungu, watu walikuwa wakizua misiba ya uongo ili wajaze wageni wa mapumziko, naye akaamua kwamba msiba usitajwe kabisa. Alijisifu kwa hilo pia.

Akarudi mezani. Sasa kalamu haikusimama.

"Kwa Mkurugenzi, Idara ya Makazi. Wakazi wa Mtaa wa Mikinduni siku ya leo ni mia moja tisini na tisa. Aliyekuwa wa mia mbili, Fundi Bakari Shekuwe, alifariki siku kumi na tisa zilizopita, na kifo chake kilifichwa. Sitamtaja aliyekificha, kwa sababu aliyemlazimisha kukificha ni mimi, kwa kifungu cha sita nilichokiandika bila kuwawekea watu nafasi ya kufa. Naomba kirekebishwe, hata kama marekebisho yatachelewa kutuokoa sisi.

"Pili, nawaarifu kwamba kuanzia usiku wa leo nyumba namba kumi na nne italaza wageni wengi bila kibali. Hawajalipa, hawatalipa, wala hawakuja kutazama bahari. Chokaa haitawatambua. Mimi nawatambua. Kama kuna nyumba lazima ifungwe, kifungeni chumba changu, kwa Bwana Hozza, mlango wa bluu. Mimi nitakuwa nimelala namba kumi na nne, mkekani, pamoja nao.

"Semkiwa, Katibu."

Alikunja karatasi mara tatu akaitia kwenye bahasha. Aliwasha mshumaa, akaushikilia mche wa lakiri juu ya mwali mpaka tone jekundu likaanguka, na jingine, na jingine. Akagandamiza muhuri wa shaba. Alama ilitoka safi.

Posta ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Alikwenda kwa miguu, barua kifuani, akipishana na watu wanaoelekea alikotoka. Karani wa dirisha la mwisho alikuwa ameshika komeo.

"Mikinduni?" aliuliza karani, akitazama muhuri. "Mmebaki nyinyi tu. Mwaka huu mmefika?"

"Imeandikwa ndani."

"Haya, mzee, leta basi. Zimebaki dakika nne."

Semkiwa aliishika barua sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika. Lakiri ilikuwa bado na joto, na masikio yake yalikuwa baridi kabisa. Kisha akaiingiza kwenye tundu, akaisikia ikianguka juu ya nyingine.